Maswali ya Wasomaji: Kamera Mpya, Ndege wa Bustanini

Safari hii tunajibu barua za wasomaji walionunua kamera karibuni na kuipeleka kwa ndege kabla ya kitu kingine chochote. Barua tumezifupisha. Majibu tumeyaacha marefu pale ambapo jambo lenyewe linadai urefu.

Picha mia sita, zote zina ukungu

*Habari zenu. Nimenunua kamera yenye lenzi mbili, ya 18-55 na ya 70-300. Nimekwenda Nairobi Arboretum Jumamosi tatu mfululizo, kuanzia saa 4 asubuhi. Nina picha zaidi ya 600 na hakuna hata moja ninayoweza kumwonyesha mtu. Ndege ni wadogo na wana ukungu. Simu ya mke wangu inatoa picha safi kuliko hizi. Je, nimeuziwa kamera mbovu?* (Msomaji wa Kilimani, Nairobi)

Kamera yako haina ubaya, na hizo picha 600 usizifute bado, kwa sababu ndizo zitakazokuonyesha kosa liko wapi. Fungua moja kwenye kompyuta, ikuze hadi asilimia 100, kisha usimtazame ndege peke yake. Tazama pia tawi alilokalia na majani ya jirani. Kama vyote vimevutika upande mmoja, tawi, majani na ndege, mkono wako ulitikisika. Kama tawi limetoka safi na kucha zake unaweza kuzihesabu, lakini kichwa kimepakaa kama rangi iliyoguswa kabla ya kukauka, ndege ndiye aliyesogea. Kama jani la mbele au gome la nyuma ndilo lililo safi na ndege mzima ni laini, fokasi ilishika pasipotakiwa. Na kama hakuna popote palipo safi, picha nzima inacheza kama lami ya barabarani mchana, basi ni hewa ya moto au kioo cha lenzi kina alama za vidole. Zipange picha zako katika mafungu hayo manne. Fungu litakalokuwa kubwa kuliko mengine ndilo la kushughulikia kwanza.

Kwa wanaoanza, mara nyingi hushinda mafungu mawili ya mwanzo, na chanzo chake ni kimoja: gurudumu la modi limeachwa kwenye AUTO. Hapo kamera haijui kwamba mbele yako kuna ndege. Chini ya miti ya Arboretum inaweza kuchagua shata (muda ambao kamera hupokea mwanga) ya 1/100 ya sekunde, kasi inayomfaa mtu aliyekaa akitabasamu. Lenzi ya 300 hukuza kila kitu, hata mtetemo wa mkono wako. Ndiyo maana simu, ambayo lenzi yake huona eneo pana, husamehe mkono usiotulia. Kipimo cha zamani bado kinafaa: chukua urefu wa lenzi (ile namba ya milimita, kama 300), zidisha kwa 1.5 kwa kamera zenye kihisi kidogo, kile kipande kinachopokea picha, kama yako, na shata isiwe ya taratibu kuliko moja chini ya jibu. Kwa 300 ni 1/450, yaani 1/500 kwenye kamera. Lakini hicho ni kipimo cha mkono wako tu. Shorewanda akiwa ametulia tawini bado hugeuza kichwa ghafla, tena na tena, hivyo kwa ndege wadogo anza na 1/1000.

Fanya hivi kabla ya kutoka nyumbani. Zungusha gurudumu hadi Tv kama kamera ni Canon, au S kama ni Nikon au Sony, uweke 1/1000. ISO, yaani wepesi wa kihisi kupokea mwanga, iache ijichague yenyewe, ila uingie kwenye menyu uiwekee kikomo cha 6400. Fokasi iweke ile inayoendelea kumfuata ndege anaposogea: imeandikwa AF-C kwenye Nikon na Sony, na Servo kwenye Canon. Nukta ya fokasi chagua moja, ndogo, ya katikati. Kama kamera yako inatambua macho ya wanyama, iwashe na uchague ndege, lakini ikianza kuhangaika katikati ya vijiti, rudi kwenye nukta moja. Mwisho, weka upigaji wa mfululizo, na ubonyeze kwa vipande vifupi vya picha tatu au nne. Ukikandamiza kitufe bila kuachia, kumbukumbu ya ndani hujaa, kamera inagoma kwa sekunde kadhaa, na ndege huruka katika sekunde hizo hizo. Kadi yenye alama ya V30, inayoandika picha kwa kasi, husaidia kamera ipumue mapema.

Wengi huogopa ISO kubwa kwa sababu ya chembechembe. Usiiogope. Kivulini, tundu la lenzi likiwa f/5.6, shata ya 1/1000 itadai ISO ya 3200 hivi, na hiyo ndiyo bei halali ya kivuli. Chembechembe hupunguzwa baadaye kwa programu. Mboni iliyopakaa ni vigumu kuirudisha, hata kwa programu.

Sasa udogo wa ndege. Kihisi cha kamera yako kina upana wa milimita 23 hivi. Ukivuta lenzi hadi 300, ndege akiwa mita 10 mbele yako, fremu nzima inaona upana wa sentimita 78. Shorewanda ana sentimita 18, kwa hiyo anachukua chini ya robo ya fremu. Akiwa mita 20, ni sehemu moja ya tisa. Akiwa mita 5, anakaribia nusu. Na ile lenzi ya 18-55, hata ukiivuta yote, kwa mita 10 inaona zaidi ya mita 4, iache nyumbani. Usikimbilie kununua lenzi ya 600 kabla hujajifunza kupunguza mita 20 ziwe 8, maana mita hizo hazina gharama.

Kuna na suala la saa. Jua la Nairobi huchomoza kati ya saa 12 na saa 1 kasoro, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta linapanda wima, haraka. Kufikia saa 4 mwanga unatoka utosini: jicho la ndege limezama kivulini, mgongo unang'aa, na ardhi imeanza kutoa joto linalopinda picha. Uwe umeshakaa mahali pako saa 1. Ukifika saa 3 na nusu, anza kukunja vitu. Jioni, kuanzia saa 10 na nusu, mwanga unarudi.

Kwa wiki mbili za kwanza waache shorewanda na ndege wote wa vichakani. Jifunzie kwa kwarara, yule wengi humwita hadada, mwenye kelele za alfajiri. Ni mkubwa, amezoea watu, na hutembea kwenye nyasi wazi. Mtazame kabla ya kuinua kamera: anapiga hatua tatu nne, anasimama, anazamisha mdomo ardhini hadi karibu na macho, anapapasa, kisha anauchomoa na kurusha mnyoo kooni. Kichwa kikiwa ardhini huna picha. Kikipanda na mnyoo bado uko kwenye ncha ya mdomo, ndipo unapobonyeza. Keti chini kwenye nyasi ili lenzi iwe usawa wa jicho lake. Picha iliyopigwa ukiwa umesimama inaonyesha mgongo. Jua likiwa nyuma yako utaona bega lake, lililoonekana la kahawia, likitoa kijani na zambarau.

Jambo moja la mahali penyewe: Arboretum iko karibu na Ikulu. Lenzi ndefu isielekezwe upande wa majengo ya serikali wala kwa askari, hata kama tai ametua huko.

Yangeyange anaungua, kunguru anakuwa shimo

*Salaam. Maji yakikupwa pale Msasani, yangeyange huja kuvua kwenye tope. Kwenye picha zangu wanatoka kama karatasi, hawana hata unyoya mmoja. Kunguru, kinyume chake, ni weusi mtupu, jicho halionekani. Nimejaribu kubadilisha lenzi, mambo ni yale yale.* (Msomaji wa Kinondoni, Dar es Salaam)

Lenzi haihusiki. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera hakijui rangi ya ndege. Kinachukua kila kilichomo kwenye fremu, kinapiga wastani, kisha kinachagua mwanga utakaofanya wastani huo uwe kijivu cha kati. Tope jeusi limechukua sehemu tisa kati ya kumi za picha, kamera inadhani ni giza, inaongeza mwanga, na yule mweupe mmoja anaungua. Weupe ukishaungua kabisa hakuna kilichobaki cha kuokoa, hata kwenye faili la RAW, lile ambalo kamera haijalichakata.

Tafuta kitufe chenye alama za + na −, cha kuongeza na kupunguza mwanga. Yangeyange mdogo kwenye fremu, nyuma yake tope au maji ya giza: weka −1, na jua likiwa kali, −1.7. Kunguru kwenye mchanga mweupe au ukutani: weka +1. Ndege yeyote aliye juu ya tawi na nyuma yake ni mbingu nyeupe: +1 hadi +1.7, la sivyo utapata kivuli chenye mdomo. Angalia mtego mmoja hapa. Yangeyange akikusogelea hadi ajaze fremu, hesabu inageuka: sasa kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, naye anatoka wa kijivu chafu. Hapo rudisha hadi sifuri au +0.7.

Washa kwenye menyu onyo la mwanga uliozidi, lile linalofanya sehemu zilizoungua zimetemete kwenye skrini. Piga moja, tazama mgongo wa ndege. Ukimetameta, punguza tena.

Kwa jua la wazi lisilobadilika, tunapendelea modi ya M, ambayo wewe mwenyewe huchagua shata, tundu la lenzi na ISO, kwa sababu haidanganywi na tope wala mbingu. Kwa ndege mweupe jua likiwa juu na kali anza na f/8, 1/2000, ISO 200. Jua likiwa bado chini asubuhi, au wingu likipita, pandisha ISO hatua kwa hatua. Kwa kunguru mahali pale pale pandisha hadi ISO 800. Na kwa kuwa umewataja kunguru: wengi wa Dar ni wale wa shingo ya kijivu walioletwa kutoka India, na wamejifunza kumfuata mtu kwa macho. Ukichutama karibu na kiota cha ndege mwingine, kunguru huja kuangalia unatazama nini. Ukimwona anakukodolea, ondoka hapo.

Mvuvi anayesimama hewani

*Shikamooni. Niko kidato cha tano. Napiga picha nikiwa kwenye mawe ya ufukweni Mwanza, upande unaotazama kisiwa cha Saanane. Kuna ndege mweusi kwa mweupe anayesimama hewani juu ya maji halafu anatumbukia kama jiwe. Nina picha nyingi za maji matupu. Nifanyeje?* (Msomaji wa Mwanza)

Marahaba, kijana. Huyo ni mdiria, na umejichagulia mwalimu mzuri, kwa sababu kila anachofanya anakifanya kwa utaratibu unaoweza kuujifunza.

Anza na upepo. Ndege anayesimama hewani huukabili upepo, na ndege wengi huanza kuruka na kutua wakiukabili pia. Alfajiri na asubuhi mapema, nchi kavu ikiwa imepoa usiku kucha, mara nyingi upepo hutoka mjini kwenda ziwani. Mdiria aliye mbele yako atakuwa amekutazama usoni. Mchana upepo hugeuka, hutoka ziwani, na utaona mkia tu. Kwenye ufukwe unaotazama magharibi, jua la asubuhi nalo liko nyuma yako. Kwa hiyo nenda kati ya saa 1 na saa 3. Shinda zima la mchana halitakupa zaidi ya saa hizo mbili.

Weka shata 1/2500 au 1/3200. Nukta moja ya katikati, iliyofaa tawini, haifai hewani: ukimkosa kwa upana wa kidole, fokasi inakimbilia kisiwani. Chagua eneo pana la nukta nyingi. Kabla hajaja, elekeza lenzi kwenye kitu kilicho umbali ule ule anaovulia, jiwe au boya, na ushike fokasi hapo, ili akija lenzi iwe na safari fupi. Mwinulie kamera anapoanza kupiga mbawa mahali pamoja. Mwili unatikisika lakini kichwa kimetulia kama kimetundikwa kwa uzi, mdomo umeelekea chini. Hiyo ndiyo picha, na ana sekunde kadhaa za kukupa. Kama nyuma yake ni mbingu, +1.

Kama kamera yako haina kioo cha ndani, hakikisha haiko kwenye shata ya kielektroniki, ile isiyotoa sauti. Katika kamera nyingi hiyo husoma kihisi mstari kwa mstari kutoka juu hadi chini. Mbawa zinapokuwa zimesogea kati ya mstari wa kwanza na wa mwisho, zinatoka zimepinda kama raba. Rudisha ya mitambo.

Kumfuata akitumbukia, uache kwa sasa. Baada ya kuvua, akiwa na samaki ambaye si mdogo sana, hurudi kwenye kituo chake, mara nyingi kile kile: mwamba, kamba ya mtumbwi, tawi kavu. Kitafute kwa kinyesi cheupe kilichotiririka chini yake. Keti mita 10 hadi 12 kutoka hapo, shika fokasi kwenye kituo chenyewe, subiri. Atatua, atampigiza samaki kushoto na kulia hadi atulie, kisha atamgeuza ili amezwe kwa kichwa kwanza. Punguza hadi 1/1600 na upige wakati wa kupigiza, matone yakiruka. Mwenye mikanda miwili myeusi kifuani ni dume. Jike ana mmoja, tena mara nyingi umekatika katikati.

Kwa kifupi: stendi na kioo cha kinga

*Muuzaji anasema siwezi kupiga ndege bila stendi ya miguu mitatu, na kwamba niweke kioo cha kinga mbele ya lenzi. Mimi hutembea Haller Park na watoto wawili. Ni lazima?* (Mama wa Bamburi, Mombasa)

Si lazima, mama. Stendi ya bei nafuu hutikisika kwa urahisi, na ukiwa na watoto utakuwa unaikunja huku ndege anaondoka. Shona mfuko wa kitambaa kigumu, tia kilo moja ya maharage, uufunge. Uweke juu ya ukuta, uzio au jiwe, ulaze lenzi juu yake. Ukitumia stendi siku moja, zima kitulizi cha mtikisiko kilicho kwenye lenzi, kwani baadhi ya lenzi za zamani hutafuta mtikisiko usiokuwepo na kuleta ukungu wenyewe.

Kioo cha bei ya chini kiondoe. Kwenye lenzi ndefu huonekana mara moja: manyoya yanakuwa laini, na jua likiwa mbele kunatokea mduara wa mwanga. Kofia ya plastiki iliyo wazi mbele, inayokuja na lenzi nyingi, inakinga vizuri zaidi vidole vya watoto na matawi.

Lenzi imefanya ukungu kwa ndani

*Assalamu alaykum. Nikitoka nayo chumbani chenye kiyoyozi, lenzi inapiga ukungu kwa zaidi ya robo saa, na ndege wa asubuhi wananipita. Sasa naona nyuzi kama utando wa buibui ndani ya kioo. Nimeambiwa niifukie kwenye mchele.* (Msomaji wa Unguja)

Waalaykumu salaam. Yote mawili ni unyevu, ila la pili ni zito zaidi. Kioo kilichopoa kikikutana na hewa ya pwani, mvuke huganda juu yake kama kwenye glasi ya maji baridi. Usifute. Unapofuta unaeneza maji, na mengine yanaganda tena. Dawa ni kuipasha kamera polepole: ikiwa bado chumbani, ifunge ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, itoe nje ya chumba, uiache nusu saa hadi dakika 40. Maji yataganda juu ya plastiki. Rahisi zaidi ni kutoilaza kabisa kwenye chumba cha kiyoyozi usiku wa kuamkia safari yako.

Hizo nyuzi ni kuvu. Inamea gizani, kwenye hewa yenye unyevu isiyopita, na ikikaa muda mrefu hula utando maalumu uliopakwa juu ya kioo, na alama zake hazitoki. Mpelekee fundi wa lenzi mapema, na hadi hapo usiihifadhi pamoja na lenzi nyingine. Mchele uache jikoni. Unavuta maji kidogo sana, na unga wake huingia kwenye mitambo.

Nunua sanduku la plastiki lenye mfuniko wa mpira, la lita 10 hivi, na gramu 200 za silika jeli, zile punje za rangi. Za machungwa hugeuka kijani zikishiba maji. Zikaushe kwenye oveni kwa nyuzijoto 110 hadi 120 za Selsiasi kwa saa mbili tatu, zipoe, zirudi kazini. Mkoba wa ngozi ndani ya kabati ndio nyumba nzuri kuliko zote kwa kuvu, kwa hiyo lenzi isilale humo. Na ukirudi kutoka ufukweni, futa mwili wa kamera kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa maji yasiyo ya chumvi, kisha kikavu. Chumvi ikiachwa usiku mmoja inaanza kula skrubu.

Wanafunzi wanataka kukata tawi

*Wahariri, salaam. Kwenye bwawa karibu na shule yetu kuna mti wenye viota vya kwera zaidi ya 30. Kikundi chetu cha picha kina kamera moja. Vijana wameomba tukate matawi mawili yanayoziba ili kiota kimoja kionekane vizuri, na wengine wanataka kucheza sauti ya ndege kwenye simu ili waje karibu. Tuwaruhusu?* (Mwalimu, Moshi)

Hapana kwa yote mawili, mwalimu, na tunaomba uwaeleze sababu, kwa kuwa kijana akishaielewa atawazuia na wengine.

Tawi linaloziba ndilo linalowatia vifaranga kivulini mchana na kuwaficha kutoka kwa mwindaji. Kuna mwewe mwenye miguu mirefu inayojikunja upande wowote ambaye kazi yake ni kutia mguu ndani ya viota kama hivyo na kuchomoa vilivyomo. Ukimfungulia njia kwa ajili ya picha moja, hutakuwepo atakapofika. Kuhusu sauti ya simu: dume akiisikia anadhani mgeni amevamia, anaacha kusuka, anaacha kulinda, anazunguka kutafuta adui asiyekuwepo. Atakuja karibu, ndiyo, lakini utampiga picha akiwa na hofu, na jike anaweza kuhama.

Tena hawahitaji kuona ndani ya kiota. Mambo yote yako nje. Dume huja na ukanda mrefu wa jani mdomoni, ameuchana kutoka kwenye mwanzi au mgomba. Anaukanyaga kwa mguu mmoja, anaupenyeza kwenye tundu, anauvuta upande wa pili, anaupinda na kuurudisha. Kiota kikiwa bado kibichi, cha kijani, ananing'inia kichwa chini kwenye mlango, anapiga mbawa na kupiga kelele kila jike anapopita. Jike huingia, huvutavuta kwa ndani, hutoka. Kiota kisipopata mwenyewe na kikageuka kahawia, dume hukichana mwenyewe na kuanza kingine pale pale. Picha tatu za mfululizo huo zinafundisha kuliko kifaranga kilichomulikwa ndani ya shimo.

Wapangie hivi. Vijana wasizidi wanne kwa wakati mmoja, nguo zisiwe nyeupe wala nyekundu. Wasiende moja kwa moja mtini. Wapite kwa mshazari, kama watu wenye safari nyingine, wakisimama kila baada ya hatua chache. Makelele ya kwera yakikatika ghafla, wamefika karibu mno: warudi hatua kumi na waketi. Mita 12 zinatosha kwa lenzi ya 300. Kwa dakika 20 za kwanza kamera ibaki mapajani, na mmoja aandike kwenye daftari: kiota kipi ni kibichi, dume gani anarudi mara nyingi, anatokea upande upi. Wakishajua hilo, washike fokasi kwenye mlango wa kiota hicho, 1/2000, na wabonyeze pale jike anapotua jirani, bila kusubiri dume aanze kucheza. Baada ya saa moja waondoke, hata kama kazi haijaisha. Kwera hujenga kwa msimu mzima wa mvua, kwa hiyo kesho watamkuta pale pale.

Chozi aliyepoteza rangi

*Kwa macho, chozi kwenye maua yetu ya shubiri ni kijani kinachowaka. Kwenye picha ni mweusi. Kamera inashindwa kusoma rangi?* (Msomaji wa Eldoret)

Rangi ile haimo ndani ya unyoya kama rangi ya kitambaa. Inatokana na jinsi tabaka nyembamba za unyoya zinavyorudisha mwanga, na zinaurudisha kuelekea upande mmoja. Jua likiwa nyuma yako na chozi akakugeuzia kifua, anawaka. Akigeuka kidogo tu, anazimika, na jicho lako husahau nusu ile aliyozimika, wakati kamera inaikamata yote.

Kwa hiyo usimfukuze kutoka ua hadi ua. Chozi dume hulinda maua yake na huyazungukia tena na tena. Chagua shina moja la shubiri lililo upande wa jua, lenye maua ya chini yaliyofunguka na ya juu yaliyofumba bado. Keti mita 4 au 5 kutoka hapo, jua likiwa mgongoni kwako, shata 1/2000. Kwa umbali huo unene wa sehemu iliyo safi ni sentimita 6 hivi tu, kwa hiyo fokasi iwe jichoni na mkia uachwe uwe laini. Piga kila mara anapoinua kichwa kutoka ndani ya ua, picha nne nne. Katika ziara kumi, mbili au tatu kifua kitakuwa kimekuelekea. Na kama kwa mwezi mzima hawaki kabisa, mkague vizuri, huenda ni jike, au ni dume wa zile aina zinazovaa manyoya hafifu msimu wa kuzaa ukipita.